Jinsi ya Kujaza Petroli Kwenye Mtungi Bila Kuwasha Moto kwa Umeme Tuli: Mwongozo Kamili

Nimesimama kwenye pampu hapa Nakuru miaka mingi, na kosa ninaloliona ni lile lile. Pikapu inaingia, mtungi wa lita 20 uko nyuma, mwenyewe anatoa kichwa dirishani: "Kijana, niwekee ya elfu mbili, hapo hapo ulipo." Nikimwomba aushushe anaona namzungusha. Simu ameshazima, sigara ameitupa kule barabarani, halafu anataka nimjazie petroli juu ya plastiki kavu, saa saba mchana, mwezi wa Januari. Ameogopa simu na sigara, kitu chenyewe amekiacha.

Kitu chenyewe ni umeme tuli. Ni ule unaolia tik-tik-tik ukivua sweta la nailoni gizani, na kukudona kidole ukishika kitasa cha mlango. Cheche hiyo unayoicheka chumbani inatosha kabisa kuwasha mvuke wa petroli.

Mwongozo huu ni wa mtu anayebeba petroli ya pampu ya maji, jenereta, msumeno wa mashine au injini ya boti. Nimeweka sababu ya kila hatua, kwa kuwa nimeona mtu asiyejua sababu ndiye wa kwanza kuruka hatua.

## Hesabu ndogo kabla ya kuanza

Mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa huwaka kwa cheche yenye nishati ya takriban milijuli 0.25. Sasa mtu akiteleza kwenye kiti cha gari cha kitambaa wakati hewa ni kavu, mwili wake unaweza kufika volti 10,000. Hapo amebeba milijuli 5 au zaidi, yaani mara 20 ya kinachohitajika. Cheche unayoisikia kidoleni huanzia kama volti 3,000, na hata hiyo ndogo tayari inaweza kuwasha. Usipodonwa, usijihesabu uko salama.

Petroli haingoji joto la Kisumu ndipo itoe mvuke. Hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta taa huhitaji kupashwa hadi nyuzi 38 na kuendelea, na dizeli zaidi ya 50. Ndiyo maana mwenye posho mill ya dizeli anaweza kuzembea miaka kumi asipate neno, halafu siku akinunua petroli ya jenereta kwa mazoea yale yale anaungua.

## Vitu vya kuwa navyo

Mtungi uliotengenezwa kwa ajili ya petroli. Wa chuma ndio bora. Wa plastiki unakubalika ikiwa ni ule mzito wa mafuta ya gari. Ile mitungi ya njano ya mafuta ya kupikia, ambayo ndiyo imejaa kila boma, haikuundwa kwa kazi hii: kifuniko hakikazi na petroli huilainisha polepole. Chupa ya soda usiilete kabisa.

Kifuniko chenye washa nzima. Ukiupindua mtungi ukiwa na maji kidogo na ukatoa hata tone, umefeli.

Kitambaa cha pamba na maji kidogo.

Nguo za pamba. Sweta la nailoni, jaketi la fliisi la mitumba na gambuti za mpira ni mchanganyiko mbaya. Jaketi linazalisha umeme, gambuti zinauzuia kwenda ardhini.

Faneli ya plastiki, ya kutumia nyumbani tu. Ya chuma juu ya mtungi wa plastiki ni hatari kuliko kutokuwa na faneli, na sababu iko hatua ya 4.

Ndoo ya mchanga mkavu au kizima moto cha poda, kikae pale utakapokuwa ukimimina.

## Hatua ya 1: Kagua mtungi kabla ya kutoka nyumbani

Fungua, nusa, angalia ndani. Mtungi uliowahi kubeba petroli una mvuke hata ukionekana mkavu, na mtungi mtupu wa namna hiyo ni hatari kuliko uliojaa. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Mtungi wenye petroli nyingi ndani yake mvuke umezidi kiwango hicho, lakini uliokaa wazi siku mbili unaweza kuwa katikati kabisa.

Onyo kwa wenye dizeli: usiweke dizeli kwenye mtungi uliotoka kubeba petroli. Dizeli inabeba umeme tuli vizuri sana, na ikikuta mvuke wa petroli ndani imepata cha kuwasha. Weka rangi au kamba tofauti kwa kila mtungi.

Pangusa nje kwa kitambaa chenye unyevu. Watu wengi husugua kwa kitambaa kikavu ili mtungi uwe safi, kumbe ndiyo njia nzuri kabisa ya kuuchaji.

Utajua umefaulu: mtungi hauvuji, ndani hamna maji wala uchafu, nje una ubaridi wa unyevu kidogo.

## Hatua ya 2: Shusha mtungi chini

Hapa ndipo wengi wanapofeli, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Petroli ikipita kwenye chujio na mpira wa pampu inasuguana na kujibebea umeme. Haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo umeme huo unaingia nayo mtungini. Mtungi wa chuma uliokaa kwenye saruji unauachia ardhini mara moja. Mtungi wa plastiki unauachia polepole. Mtungi wowote uliokaa juu ya tandiko la plastiki la pikapu, kapeti la buti au kiti cha bodaboda hauna pa kuuachia. Umeme unarundikana hadi chuma cha nozeli kinapokaribia, na ndipo unaruka.

Marekani jambo hili lilitolewa onyo rasmi mwaka 1998 na taasisi yao ya usalama kazini, baada ya watu kuungua wakijaza mitungi juu ya pikapu zenye tandiko la plastiki. Sisi tulijifunza kwa njia yetu.

Ilikuwa Januari, jua la kupasua kichwa. Mzee mmoja wa pande za Subukia alikuwa na mtungi wenye petroli robo, anataka kuujaza.

"Mzee, tuushushe kwanza."

"Kijana, mgongo huu hauinui tena lita ishirini. Weka hapo, mimi nashikilia."

Mwenzangu wa zamu akamhurumia. Alipopeleka nozeli tulisikia *tak*, sauti ndogo kama kijiti kikavu kikivunjika. Halafu mdomoni mwa mtungi kukakaa moto wa samawati, umetulia kama jiko la stovu. Haukulipuka, kwa sababu ndani mvuke ulikuwa mwingi kupita kiasi. Uliwaka pale tu ulipokutana na hewa. Kama mwenzangu angetulia ingekuwa hadithi ya kucheka. Alishtuka, akavuta nozeli ikiwa bado inatoa, petroli ikamwagika ubavuni mwa pikapu na moto ukaifuata. Gunia lenye maji tulilokuwa tukifutia sakafu ndilo lililotuokoa, tukalibwaga juu ya mdomo wa mtungi, kisha poda ikamaliza ubavuni. Mkono wa sweta la mzee uliungua hadi kwenye kiwiko.

Kwa hiyo: mtungi chini, juu ya saruji au udongo. Si juu ya kipande cha katoni, si juu ya gunia la nailoni. Mgongo ukikataa, omba msaada wa kuupandisha ukishajaa. Kwa mwenye mgongo mbovu, mitungi miwili ya lita 10 ni rahisi kuliko mmoja wa 20.

Uwe mbali na injini inayonguruma, na usichuchumae ukiwa umeinamia mdomo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, karibu mara tatu. Unatambaa chini kama maji usiyoyaona na kutafuta moto mahali ambapo wewe huangalii.

Utajua umefaulu: kitako chote cha mtungi kimegusa ardhi.

## Hatua ya 3: Jitoe umeme wewe mwenyewe

Kabla ya kugusa mtungi au kifuniko, weka kiganja kizima kwenye chuma kitupu kisichopakwa rangi, mbali na mdomo wa mtungi. Nguzo ya chuma ya paa inafaa, mwili wa pampu unafaa. Hesabu moja hadi tatu.

Kwa nini kiganja kizima? Kidole kimoja kinafanya cheche kali ya nukta moja. Kiganja kinaumwaga umeme kwa eneo pana na hata husikii maumivu.

Ukirudi kwenye gari kuchukua pochi, umejichaji upya. Ukishuka, anza tena. Marekani, ambako watu hujijazia wenyewe, chama cha wenye vifaa vya pampu kilikusanya ripoti zaidi ya 150 za mioto ya namna hii kuanzia miaka ya 1990. Karibu nusu ya waliohusika walikuwa wameingia tena garini mafuta yakiendelea kujaa, wakatoka, wakashika nozeli. Kwetu mhudumu ndiye anayejaza, dereva anabaki kwenye kiti. Hilo limetuokoa sana kwa magari, ila mwenye mtungi hushuka na kuushikilia kwa mikono yake.

Simu je? Mimi bado nakwambia uiweke mfukoni, kwa kuwa mtu anayeongea na simu hajui mikono yake inafanya nini. Ila sijawahi kuona simu ikiwasha petroli, na wale waliokusanya ripoti hizo hawakupata hata moto mmoja uliothibitishwa kuwa wa simu.

## Hatua ya 4: Nozeli iguse mdomo wa mtungi, isiachane nao

Chuma cha nozeli kiguse mdomo kabla petroli haijaanza kutoka, na kiendelee kugusa hadi tone la mwisho. Mpira wa pampu una waya ndani yake unaopeleka umeme ardhini. Nozeli ikigusa mtungi wa chuma, vyote viwili vinakuwa kitu kimoja na hakuna pengo la cheche kuruka. Kwa mtungi wa plastiki faida ni ndogo zaidi, lakini ipo.

Sasa ile faneli. Chuma kilichokaa juu ya plastiki kimetengwa na ardhi. Plastiki yenyewe hutoa umeme wake kidogo kidogo, lakini chuma kilichotengwa hukusanya wote na kuuachia kwa mkupuo mmoja. Ndiyo sababu ndoo ya chuma yenye mkono wa plastiki, ikining'inizwa kwenye nozeli, ni mtego. Ukiona mtu anafanya hivyo mwambie aache, hata kama ni mkubwa wako.

Kuna askari mmoja anayepita hapa na pikipiki ya kazi. Siku moja nikimweleza haya akauliza, "Sasa hizi risasi nilizobeba kiunoni, zikipata hiyo cheche yako?" Swali zuri, na jibu lake linaeleza mtungi vizuri kuliko mimi. Risasi ya kawaida imefungwa ndani ya shaba pande zote. Umeme tuli ukiifika hutembea juu ya ganda na kuishia hapo, baruti ndani haipati habari. Hata kile kidude cha kitako kinachoanzisha moto kimekaa ndani ya kikombe cha chuma, na kinangoja kugongwa na pini. Isitoshe, punje za baruti hupakwa grafiti, ambayo inapitisha umeme ili usirundikane. Zipo risasi za mizinga ya ndege, za milimita 20, zinazowashwa kwa umeme makusudi, na hizo zina masharti yake. Fataki za umeme za kupasulia mawe kwenye machimbo ndizo za kuogopa kweli: nyaya zake mbili husokotwa pamoja hadi dakika ya kuunganishwa, na radi ikinguruma watu wote wanaondoka.

Kwa hiyo mkanda wake wa risasi hauogopi sweta la nailoni. Risasi imefunikwa, mtungi uko wazi mdomo. (Ukiokota risasi shambani, hilo ni jambo jingine: usiiguse, usiitupe motoni, waite polisi.)

## Hatua ya 5: Jaza polepole, acha nafasi

Mwambie mhudumu abonyeze kidogo tu, hasa mwanzoni. Mwendo wa petroli ndio unaozalisha umeme: ikienda mbio inachaji zaidi, na ikirushwa kutoka juu inatawanyika matone na kuongeza mvuke. Hata kwenye madipo, lori likipakia, mafuta huanza kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde hadi mdomo wa bomba uzame, na kabla ya hapo limebanwa waya wa ethi, yaani wa kupeleka umeme ardhini. Kama lori la maelfu ya lita linangoja, wewe wa lita 20 una haraka gani?

Ingiza nozeli ndani kadiri inavyofika. Usifunge kile kishikizo cha kujishikilia ukaondoka.

Simama kwenye lita 19. Petroli hutanuka kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Mtungi wa 20 uliojazwa asubuhi ya baridi Molo ukafika Ahero saa nane mchana unaweza kudai karibu nusu lita ya nafasi. Usipoiacha, petroli itajitafutia yenyewe kupitia kwenye kifuniko.

Ukishaachilia, ngoja sekunde chache nozeli ikiwa bado inagusa, ndipo uitoe.

Utajua umefaulu: hakuna povu, hakuna matone nje, na unaona nafasi ya vidole vitatu juu ya petroli.

Na msidanganyane na hewa ya ziwani. Ni kweli Kisumu kuna unyevunyevu na sweta halilii kama la Nakuru. Unyevu unasaidia mwili wako na nje ya mtungi. Umeme uliomo ndani ya petroli yenyewe haujui kama uko Dunga ya Kisumu au Bahati ya Nakuru.

## Hatua ya 6: Funga na usafirishe

Kaza kifuniko, pangusa, pandisha. Mtungi usafiri wima, umefungwa kamba usisugue huku na huku, nje ya sehemu ya abiria. Kwenye matatu hapana. Bodaboda: usiuweke katikati ya miguu juu ya injini ya moto. Nyumbani ukae kwenye kivuli, nje ya nyumba, mbali na jiko.

Ikimwagika barabarani iache iende. Huku kwetu hakuna asiyekumbuka Sachangwan, Januari 31, 2009, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori kupinduka na watu kwenda kuteka. Malanga, Siaya, Julai 2021, tukazika wengine 13.

## Hatua ya 7: Kumimina kwenye mashine

Zima injini, ipoe dakika 15. Itoe nje ikiwa iko bandani. Jenereta ya matangani ndiyo inayonitia hofu zaidi: usiku, watu wamejaa, taa zikififia kijana anakimbia kumimina huku inanguruma. Afadhali giza la robo saa.

Shika chuma cha mashine kwa kiganja, kama hatua ya 3. Kisha mdomo wa mtungi uguse mdomo wa tangi au faneli ya plastiki, umimine taratibu. Pampu ya maji ukiiweka kwenye udongo wenyewe badala ya turubai unaisaidia pia. Kwa tochi, tumia ya betri, na uiwashe kabla ya kufungua kifuniko.

Utajua umefaulu: umefunga tangi, umefunga mtungi, umeusogeza hatua kumi, ndipo unavuta kamba ya kuwashia.

## Moto ukiwaka

Usivute nozeli. Iachilie iache kutoa, iache pale pale, rudi nyuma. Mhudumu atabonyeza kitufe cha kuzima pampu zote. Kama wewe ndiwe uliye karibu nacho, bonyeza bila kuomba ruhusa.

Moto uliokaa mdomoni mwa mtungi huuawa kwa kufunikwa: gunia lililolowa, bati, kifuniko cha sufuria. Usiupige teke, usiubebe ukimbie nao. Maji ya ndoo usimwage, yatabeba petroli na kuutandaza moto. Mchanga au poda, kuanzia kitako cha moto.

Nguo zikishika, usikimbie. Lala, jifunike uso, jivingirishe. Palipoungua paoshwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, hata kama mtu analia baridi. Dawa ya meno, mayai na mafuta ya kupikia ziache jikoni, zinafungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kubandua. Pete na saa zivuliwe mapema, kabla mkono haujavimba.